Rotata ya kamera ikigoma, ilaze darubini kwanza

Lubumbashi kiangazi kikikolea, mbingu zinatakata, na sisi tunaopiga picha za nyota tunapunguza usingizi. Rotata ikigoma mwezi wa saba inauma, kwa sababu mawingu yakirudi na mvua hakuna wa kukurudishia usiku ule. Simu ninazopokea huanza vilevile: "Yaya, rotata inakatala kuzunguka." Mara nyingi inazunguka. Shida iko kwingine.

Rotata ni kifaa kinachokaa kati ya darubini na kamera, na kazi yake ni kuizungusha kamera ili unachokipiga kikae vizuri ndani ya fremu. Chukua M8 na M20, mawingu mawili ya gesi katika kundinyota la Mshale. M20 iko karibu nyuzi 1.4 kaskazini mwa M8. Ukiwa na darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 500 na sensa ya APS-C (saizi ya kati ya sensa za kamera), fremu yako ni kama nyuzi 2.7 kwa 1.8. Upande mrefu ukilala kaskazini-kusini, mawingu hayo ya gesi yote mawili yanaingia na nafasi inabaki. Ukilala mashariki-magharibi, yanakatwa kingoni.

Sasa, rotata nyingi haziijui anga. Zinahesabu hatua za mota basi, na hata hizo ni hatua zilizoamriwa. Mota ikikwama au skrubu ikiteleza, kompyuta bado itaandika nyuzi 60 kana kwamba mambo ni shwari. Ukweli uko kwenye picha: ipitishe ASTAP au programu nyingine inayolinganisha nyota na ramani, upate pembe halisi, inayohesabiwa kutoka kaskazini kwenda mashariki. Pembe hiyo ikitofautiana na ile ya rotata hata baada ya kuziweka sawa kwenye programu, usikimbilie kufuta programu na kuiweka upya. Angalia chuma kwanza.

Mchana, ukiwa nyumbani, chora kistari kimoja cha rangi nyeupe kinachopita juu ya mwili wa rotata, pete yake inayozunguka na shingo ya kamera. Amuru izunguke nyuzi 90, kisha irudi ilikotoka. Pete isiporudi mahali pake, mota imepoteza hatua. Pete ikirudi lakini kistari cha kamera kikabaki pembeni, kuna skrubu iliyolegea au uzi wa skrubu wa adapta (pete ya kuunganishia kamera) unaofunguka taratibu.

Ila jaribio hilo lifanye darubini ikiwa imelala, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Kwetu, kwenye nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, Mshale hupita karibu na utosi. Wakati huo kamera inaning'inia wima chini ya darubini na uzito wake hauivuti kwenda upande wowote wa mzunguko, kwa hiyo hata skrubu iliyolegea hutulia. Lakini jioni, Mshale ukiwa bado chini upande wa mashariki, darubini inalala, na kamera iliyobeba gurudumu la vichujio na kebo zake upande mmoja inavutwa kuzunguka. Hapo ndipo inateleza. Mtu akijaribu tu darubini ikitazama juu atasema kifaa ni kizima, kesho yake analalamika tena. Ukiona kosa linatokea jioni na kupotea usiku wa manane, anza na skrubu na uwiano wa uzito wa kamera.

Halafu umeme. Kwa jinsi unavyokatika, wengi tunategemea betri ya gari. Usipime kwenye betri: pima volti kwenye plagi ya rotata yenyewe, mota ikizunguka na kamera ikipoza sensa. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.5 ukipitisha ampea 3 unakula volti 1.5 njiani, na betri iliyokwisha kushuka kidogo haina za kugawa. Mimi napendelea kuipa rotata waya wake mnene na mfupi kutoka kwenye betri, mbali na ule wa kamera. Baridi ya Juni na Julai nayo hufanya grisi iwe nzito, hivyo mota iliyozunguka vizuri sebuleni inaweza kukwama usiku.

Kebo usizisahau. Zifunge pamoja, uache ulegevu wa kutosha, kisha uzungushe polepole ukitazama. Kwenye N.I.N.A., programu ya kuendesha vifaa vya kupigia picha za nyota, unaweza kuizuia rotata isivuke nusu duara. Hupotezi kitu, kwani fremu ya nyuzi 10 na ya nyuzi 190 ni ileile, imepinduliwa tu.

Chuma na umeme vikiwa sawa, ndipo ufungue programu. Dalili moja inajieleza: unataka nyuzi 60, picha inasema 40, inazunguka, sasa picha inasema 20. Kosa lilikuwa 20, limekuwa 40, litakuwa 80. Inazunguka kinyume, basi. Badilisha mpangilio wa mwelekeo. Ikikaribia lakini haifiki, ikicheza nyuzi moja huku na huku, ni uchezaji wa meno ya gia: ifundishe kufikia kila pembe ikitokea upande uleule.

Kama kamera yako ya kuongoza, ile inayofuatilia nyota ili darubini isipotee, inazunguka pamoja na kamera kuu, programu ya kuongoza ya PHD2 lazima ijue pembe mpya. Iunganishe na rotata, au fanya kalibresheni upya, la sivyo nyota itasukumwa upande usio wake. Mwenye kamera ya kuongoza kwenye darubini ndogo ya pembeni, isiyozunguka na rotata, hana shida hiyo.

Na picha za flati, zile za uso wenye mwanga sawa zinazotumika kuondoa alama za vumbi na vivuli, zipige kwa pembe uliyotumia usiku ule, kabla hujaigusa rotata. Vumbi lililo kwenye kichujio linazunguka na kamera, lakini kivuli cha darubini kingoni hakizunguki, kwa hiyo flati za pembe nyingine zitasafisha kimoja na kuharibu kingine.