Maswali ya Wasomaji: Kigari cha Mtoto Kinachofaa Njia za Dodoma

SWALI: Natarajia kujifungua mtoto wangu wa kwanza mwishoni mwa Oktoba. Tunaishi Nkuhungu, na kutoka barabara ya lami hadi nyumbani kwetu ni mwendo wa dakika kumi hivi kwenye njia ya mchanga. Hatuna gari. Mume wangu huenda kazini Mji wa Serikali kule Mtumba kwa daladala, nami nitapanda daladala au bajaji kwenda kliniki na soko la Majengo. Ndugu zetu wamekubaliana kutuchangia kigari cha mtoto, na dukani nimependa kimoja kikubwa chenye kitanda cha kuchomoa, ila kina uzito wa kilo 14. Mama mkwe anasema mbeleko inatosha na fedha hizo zinunue mahitaji mengine. Nishike la nani?
Mama mtarajiwa, Nkuhungu

JIBU: Hongera sana, dada yangu, na Mwenyezi Mungu akujalie ujifungue salama. Mama mkwe wako ana hoja nzito kuliko unavyodhani, na nitairudia. Lakini kwanza tuizungumzie hiyo njia yako ya mchanga, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kigari gani kikufae, wala si rangi yake wala kitanda chake cha kuchomoa.

Nilipopata mtoto wangu wa kwanza nilinunua kigari chepesi chenye magurudumu madogo ya plastiki, yale yanayokaa mawilimawili kila pembe. Juu ya vigae vya dukani kiliteleza kama kimepakwa mafuta. Siku ya kwanza nilipokitoa nje ya geti, magurudumu ya mbele yalizama mchangani, yakajigeuza upande, na kigari kikasimama ghafla huku mtoto akiinamia mbele kwenye mikanda. Nilirudi nyumbani nimempakata mtoto kwa mkono mmoja, kwa mwingine naburuta kigari kinyumenyume. Kwenye mchanga na kokoto, gurudumu kubwa na pana hupita pale ambapo gurudumu dogo huchimba, na ikiwa magurudumu ya mbele yanazunguka, ni lazima yawe na kifungio cha kuyanyoosha unapofika kwenye njia mbaya.

Baadhi ya wauzaji watakushauri uchukue magurudumu ya kujaza upepo, na ni kweli kwamba ndiyo yanayomtikisa mtoto kidogo zaidi. Hata hivyo, wewe unaijua mbigili. Mvua zikishakatika, vijia vya Dodoma hujaa vile vijiba vikavu vyenye miiba, ambavyo kila mwenye baiskeli hapa mjini amewahi kuvitoa kwenye tairi lake, na gurudumu la kigari halina ngozi nene kuliko tairi la baiskeli. Kwa hiyo ningechagua magurudumu makubwa ya mpira uliojazwa povu ndani, ambayo hayapati pancha, ingawa ni mazito kidogo. Ukiupenda sana upepo, basi hakikisha tyubu ni ya inchi 12, saizi ambayo fundi baiskeli anaifahamu kutokana na baiskeli za watoto, na umwombe ajaribu pampu yake kwenye valvu kabla hujalipa.

Sasa tuje kwenye daladala, ambako kilo 14 zitakushinda. Hebu jione umesimama kituoni, mtoto begani, mkoba wa kliniki mkononi, na konda anakuhimiza upande haraka. Kigari kisichokunjika kwa mkono mmoja hakikufai, hata kiwe kizuri namna gani. Jaribio lake ni rahisi: ukiwa dukani, pakata mfuko wa unga wa kilo 5 kama unavyompakata mtoto, kisha kunja kigari, kinyanyue hadi usawa wa kiti cha daladala, ukishushe na kukikunjua tena. Ukihitaji kuuweka unga chini, mshukuru muuzaji uondoke. Kwa safari zenu, tafuta chenye uzito wa kilo 8 hadi 10. Vile vyepesi kabisa vya kilo 5 au 6 mara nyingi huwa na magurudumu madogo yaliyonitesa mimi. Hicho cha kilo 8 kitakufaa pia mkisafiri kwa SGR kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa kikikunjwa vizuri hakitawapa shida ndani ya behewa.

Kuhusu mtoto mwenyewe, jambo lisilo na mjadala ni kwamba hadi shingo ikaze na aweze kuketi mwenyewe, kwa kawaida yapata miezi 6, anapaswa kulala chali kwenye sehemu bapa kabisa. Kiti kilichoegemezwa nusu humfanya mtoto mchanga ajikunje, kidevu kikaangukia kifuani, na njia ya hewa ikabanwa. Kitanda cha kuchomoa ni njia mojawapo ya kupata ubapa huo, si ya pekee. Viko vigari vyepesi ambavyo mgongo wake hushuka hadi chini. Mikanda iwe ile ya pointi tano, yaani miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja wa katikati ya miguu, nayo ifungwe hata kwa safari ya kufika dukani kwa jirani.

Jua letu nalo lina kesi yake. Desturi ya kufunika kigari chote kwa khanga ili mtoto asichomwe nimeiona mara nyingi, na naomba tuiache, kwa kuwa kitambaa hicho, hata kiwe chepesi, huzuia hewa kupita na joto la ndani hupanda upesi bila mama kulihisi. Nunua kigari chenye kofia ndefu inayoshuka hadi magotini mwa mtoto na yenye dirisha la wavu kwa nyuma, kisha utoke asubuhi au jioni. Kwa siku za upepo wa vumbi, hasa Julai hadi Septemba, kigari chenye kiti kinachogeuzwa ili mtoto akutazame wewe kina faida, kwani unaweza kumkinga usoni na ukaona hali yake.

Ikiwa mtanunua cha mtumba (nasema mtumba wa sokoni, si Mtumba ya wizara), pakia mifuko ya unga ifikie kilo 10, kipeleke kwenye mteremko, ufunge breki na uachie. Kisogee hata kidogo, kiache. Angalia pia maungio ya chuma yanapokunjika: mwaka 2009, nchini Marekani, vigari takribani milioni moja vya kampuni moja viliitwa virudi kurekebishwa baada ya watoto kadhaa kukatwa ncha za vidole kwenye maungio kama hayo, hivyo mweke mtoto mbali kila unapokunja au kukunjua. Na mikoba ya soko usiitundike kwenye mpini, kwa kuwa siku utakayomtoa mtoto, kigari kitapinduka na nyanya zako zote.

Nirudi kwa mama mkwe. Kwa miezi ya mwanzo, ambayo kwenu itaangukia msimu wa mvua na matope, mbeleko itakufikisha kliniki kwa urahisi kuliko kigari chochote. Ningekuwa wewe, ningewaomba ndugu waihifadhi michango hadi Aprili, mvua zinapokwisha na mtoto anapokaribia kuketi, ndipo mkanunue kigari cha kilo 8 chenye magurudumu makubwa. Hapo hata hitaji la kitanda cha kuchomoa litakuwa karibu limekwisha, na bei itapungua.

SWALI: Mke wangu amejifungua mapacha. Tununue kigari cha watoto kukaa ubavu kwa ubavu au kimoja mbele ya mwingine?
Baba Mapacha, Singida

JIBU: Hongera, Baba Mapacha. Chukua tepu ya fundi cherehani upime upana wa milango yote mtakayopita, kuanzia geti, mlango wa mbele hadi wa zahanati yenu. Vigari vya ubavu kwa ubavu kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 70 hadi 80, na vina uzuri kwamba ni vyepesi kugeuza na viti vyote viwili hulala sawasawa. Vile vya mbele na nyuma hupita mlango mwembamba, lakini ni virefu, ni vizito kuinua mbele unapopanda kizingiti, na katika baadhi yake kiti kimoja tu ndicho hulala bapa, jambo lisilofaa kwa mapacha wachanga. Milango ikiruhusu, chukua cha ubavu kwa ubavu, na umwombe muuzaji alaze viti vyote viwili kwa wakati mmoja mbele ya macho yako.