Barua kwa mwanangu: kabla ya kuhesabu video

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza uposti video ngapi kwa wiki ili wimbo wako usikike ukitoka. Tatu zinatosha, mradi usichoke baada ya wiki mbili. Lakini nimepitia ukurasa wako, na tatizo si idadi. Video zote zinasema neno moja: wimbo mpya unakuja, kaeni tayari. Hata ukiposti saba, hilo ni tangazo lilelile mara saba. Mtu hutulia akitaka kujua kilichotokea.

Unaikumbuka ile video ya mjomba wako ya moshi na magari ya kuazima. Mpiga picha aliyakata maneno yake yote ya utangulizi, eti msanii haongei, anaimba. Mpaka leo inaniuma, maana watu wangemfuata kwa maneno yale. Halafu dada yako akamrekodi kwa simu mazoezini, gitaa liko mapajani, anaeleza kwa nini mstari wa tatu unakatika katikati: alikuwa anautunga, mwenye nyumba akabisha hodi kudai kodi, na mwisho wake haukurudi tena. Akauimba, akakata palepale. Sasa akiwa jukwaani mashabiki wanamkataza kuumalizia!

Simulia jambo moja dogo lililotokea. Si safari yako ya muziki tangu utotoni, hiyo kila mtu anayo. Dave Carroll wa Kanada gitaa lake lilivunjika katika safari ya ndege mwaka 2008, shirika likakataa kumlipa, na Julai 2009 akaweka YouTube wimbo unaosimulia mkasa huohuo. Mamilioni walitazama. Kitu kimoja kimevunjika, mtu mmoja amenyimwa haki yake, basi.

Lenga sekunde 30 hivi. Sentensi ya kwanza iingie katikati ya tukio ndani ya sekunde 3: "Mstari huu nilitaka kuufuta," wala si "Hamjambo, naitwa fulani." Sekunde kumi zinazofuata ueleze nani alikuwepo na nini kilikwama. Kisha wimbo uingie kwenye mstari uleule uliozaliwa na tukio hilo. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanasimulia vizuri, halafu wanabandika kibwagizo kisichohusiana na walichosema, na mtazamaji anaondoka na hadithi bila wimbo.

Piga video wima, pikseli 1080 kwa 1920. Maneno unayosema yaandike kwenye picha, kwa kuwa wapo wanaotazama simu ikiwa kimya, ila yasishuke chini kabisa wala kugusa ukingo wa kulia. Huko hufunikwa na maelezo na vitufe. Muziki utumie ule rasmi uliopelekwa na msambazaji wako, yaani kampuni inayoupeleka wimbo wako mitandaoni, uupunguze sauti chini ya maneno yako. Ukirekodi spika ya chumbani, mtandao unaweza kuihesabu kama sauti nyingine, na atakayeipenda huenda asifike kwenye wimbo wenyewe. Msambazaji akikuruhusu kuchagua kipande cha kutumika TikTok, kianzie kwenye mstari ule. Hadithi hiyohiyo iandike kwa ufupi kwenye Spotify for Artists, ukurasa wa wasanii wa Spotify, unapoomba wimbo uwekwe kwenye orodha zao za nyimbo, angalau siku 7 kabla wimbo haujatoka.

Kisha soma grafu ya watazamaji, ile inayoonyesha wanaondoka sekunde ipi. Wakikimbia sekunde ya pili, sentensi ya kwanza ni mbovu. Wakikimbia muziki unapoingia, hujaunganisha hadithi na mstari. Usibadilishe vyote viwili kwa mpigo, hutajua kipi kilikuponza.

Na tukio likiwa dogo mno? Pengine lipambwe kidogo. Hapana. Kukoleza usimulizi, sawa. Kuzua tukio, sitaki, maana kwenye maoni watakuuliza, na kila mahojiano utalazimika kuukumbuka uongo wako. Ingawa, tukisema kweli, yule mwenye nyumba wa mjomba wako sina hakika naye sana, na video bado ilifanya kazi. Hata hivyo nabaki palepale: jambo moja dogo, *lililotokea*.

Ubeti wa kwanza wa wimbo wako ni wa ule ugomvi wako na dada yako. Najua, kila anayetufahamu atajua. Hukuniuliza kama uusimulie, nami najizuia kusema. Ni wimbo wako, na yeye ni mtu mzima. Ila hasira za mtu hazipaswi kumfikia kupitia simu ya jirani... haya, nimeshasema nusu. Nyie wawili mtaamua. Wakati mnaamua, anza na ubeti wa pili, ule wa redio iliyokataa kuzimika. Huo hauhitaji ruhusa ya mtu, na rekodi yake ya kwanza bado unayo kwenye simu yako ya zamani: iweke kwanza, kisha toleo la studio, mstari uleule.

Mama yako