Hiyo O'Neill ya kwenye bukta yako ni ukoo wa watu

Kaka uliyeuliza kama O'Neill ya kwenye bukta yako ya mtumba ni timu ya mpira, na kama elfu tano uliyoinunulia ni bei halali: si timu, ni ukoo. Mzee Jack O'Neill alifungua kiduka San Francisco, Marekani, mwaka 1952, akahamia Santa Cruz 1959. Wala hakuanza na bukta. Bahari ya kule ni ya baridi kali, si kama yetu ya Msimbati ambako mtu anashinda majini kwa bukta tu. Waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao walikuwa wanatetemeka, na Jack akaanza kuwashonea vizibao vya mpira laini wenye vitundu vya hewa, neoprini, unaozuia joto la mwili lisipotee. Baadaye yakaja mavazi ya mwili mzima, kisha ndiyo hizi nguo za kawaida.

Watoto nao waliingia kazini. Pat, mwanawe, ndiye anayetajwa kwa ile kamba ya kufunga ubao usikukimbie. Za mwanzo zilikuwa za mpira unaovutika kupita kiasi, na mwaka 1971 ubao ulirushwa nyuma na kamba hiyo ukampiga baba yake jichoni. Jicho la kushoto likaenda. Ile picha yake ya ndevu na kitambaa cheusi jichoni si mapambo ya kiharamia, jamani! Alifariki 2017, akiwa na miaka 94.

Kuhusu bei, kama mshono wa mapajani bado umekaza, kwa elfu tano hujapigwa.