Sherehe katika nyumba ya kale ya wawindaji: kagua haya kabla ya kulipa

Nyumba ya kale ya wawindaji haikujengwa kwa ajili ya harusi. Ilijengwa ili ilaze mwenyeji na wageni wachache walioshinda porini, ambao usiku walitaka moto, nyama na kitanda tu. Ukiipelekea watu 150, karibu kila tatizo litatokana na hapo. Siku ya kukagua usiende na simu ya kupigia picha pekee. Chukua na futikamba.

Meza ya duara ya mita 1.8 hukaliwa na watu 10. Kati ya meza na meza acha mita 1.5, la sivyo viti vilivyopeana mgongo vitamzibia mhudumu njia. Kwa hesabu hiyo, ukumbi wa mita 10 kwa 8 unachukua meza sita, watu 60, na mahali pa kuchezea bado hujatenga. Muziki wa kucheza usiuweke ghorofani mpaka mhandisi aseme sakafu inabeba nini. Mbao zinazohimili watu waliokaa huweza kushindwa na watu haohao wakiruka kwa mdundo mmoja.

Umeme ndio unaoaibisha wengi. Birika la wati 3,000 kwenye volti 230 huvuta ampea 13. Chomeka mawili kwenye laini moja ya ampea 16, laini itakatika na kila kilichochomekwa hapo kitazima. Uliza kila soketi iko laini gani, mpishi na wanamuziki wasichangie, au leta jenereta. Kumbi nyingine zina kifaa kinachokata umeme wa jukwaa sauti ikizidi kiwango, hata kama bwana harusi ndiye anayeimba.

Meko ya ukumbini hupendeza ila ni korofi. Dohani iliyopoa imejaa hewa nzito ya baridi, hivyo moshi hurudi ndani. Kiota cha ndege huziba kabisa. Dai isafishwe, kisha moto ujaribiwe siku moja kabla.

Na vile vichwa vya wanyama ukutani? Vingi vilihifadhiwa kwa aseniki, dawa yenye sumu iliyoendelea kutumika hadi miaka ya 1980. Usiviguse, usivitundikie maua, wala usipange chakula chini yake.

Mwisho pima lango, na tazama matawi ya njiani. Basi la mita 12 likikosa pa kugeukia, wageni watamalizia safari kwa miguu, gizani, na viatu vyao vya sherehe.