Usikubali haraka kwamba ringi zimekwisha

Trekta dogo la kukatia nyasi likianza kufuka moshi na kuchemka, neno la kwanza utakaloambiwa ni "ringi", yaani pete za pistoni zinazoziba mwanya kati yake na silinda. Huenda ni kweli. Mimi ringi huziweka mwisho, kwa kuwa kuzifikia ni mpaka injini ipasuliwe.

Zima injini, iache ipoe, chomoa waya wa plagi, kisha toa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyozidi alama ya juu yatosha kuleta moshi wa buluu. Inuse pia. Ikinuka petroli, na kiwango kimepanda bila wewe kuongeza chochote, basi sindano ya floti (kipini kinachozuia petroli isizidi) kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haifungi, na petroli inateremka kwenye oili mashine ikiwa imelala. Oili iliyochujuka hivyo hailainishi kitu. Usiwashe tena. Tengeneza kabureta kwanza, ndipo ubadilishe oili.

Moshi mweusi haunipi kazi kubwa: ni petroli nyingi na hewa kidogo. Angalia chujio la hewa na choki, kile kilango kinachopunguza hewa.

Kuhusu joto, nyingi ya injini hizi hazina rejeta. Hupozwa na feni ya kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), inayosukuma upepo katikati ya mapezi ya silinda, zile mbavu nyembamba za nje zinazotoa joto, chini ya kava. Humo ndimo nyasi kavu na vumbi hugandamana na oili, na panya nao hupenda kujenga humo. Yangu kwa nje ilikuwa inang'aa; nilipofungua kava nikakuta mapezi yamefunikwa kama kwa blanketi. Kwangua kwa kijiti cha mbao, malizia kwa brashi na upepo wa kompresa. Na usiiwashe bila kava ukidhani itapoa zaidi, maana kava ndilo linaloelekeza upepo.

Injini iliyochemka muda mrefu mara nyingi huunguza gasketi ya silindahedi, yaani kizibo chembamba kati ya silinda na kifuniko chake cha juu (hedi), na hapa ndipo ringi husingiziwa. Kwenye injini za silinda moja zenye valvu juu, gasketi ikikatika upande wa njia ya vijiti vya valvu, mgandamizo huvujia kwenye chumba cha oili. Oili husukumwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye kabureta, ikaungua na kutoa moshi uleule wa buluu. Ukikuta chujio la hewa limelowa oili, shuku hilo.

Kupuliza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi ili usikie unakovujia hakutakusaidia sana kutofautisha, kwa sababu ringi mbovu na gasketi iliyokatika upande huo vyote huvujisha kuelekea tundu la kijiti cha oili. Afadhali ufungue hedi. Ni bolti chache. Tafuta mstari mweusi ulioungua kwenye gasketi, halafu pima hedi kwenye kioo bapa uone kama imepinda. Wakati wa kurudisha, weka gasketi mpya na ukaze bolti kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio na kipimo cha kitabu cha mashine hiyo. Moshi ukiendelea baada ya hapo, sasa zungumza habari za ringi.