Ungerudi nyuma, ungemzuia sangara?

Mtoa mada ameuliza: ukipewa uwezo wa kurudi zamani ubadilishe jambo moja tu hapa Kanda ya Ziwa, utabadilisha lipi? Wengi mmejibu sangara, yule samaki mkubwa anayekula samaki wenzake. Asingemwagwa Ziwa Victoria miaka ile ya 1950 na 60, furu wetu, wale samaki wadogo wa asili, wangekuwepo.

Uchungu huo naujua, nimelelewa nao. Bibi yangu wa kisiwani Ukerewe alikuwa akianika furu juu ya mwamba nyuma ya nyumba; jua tu lilitosha. Sangara ana mafuta mengi, hakauki hivyo. Ni kumbanika kwa kuni au kumkaanga, na miti imekatwa kweli. Aina za furu zilizopotea zinakadiriwa kufika 200. Bibi aliwatofautisha kwa rangi na midomo. Mimi nawaita wote furu.

Lakini mimi ni mtoto wa sangara. Mama alikuja Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 90 kununua mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyobaki kiwandani minofu ikishakatwa kwenda Ulaya. Baba alikuwa mpakiaji. Walijuana pale getini, mama akigombea bei. Ada yangu ilitoka kwenye karai la mafuta alimokaangia mama mapanki. Mkono wa kulia wa mama una makovu ya kuungua hadi leo. Mwondoe sangara, mama anabaki kisiwani, anaolewa na mwingine, wanazaliwa wengine. Mimi sitakuwa nimekufa, maana sitakuwa nimewahi kuwepo.

Hapo ndipo ninapokwama. Mtu akiuawa kuna msiba, kuna kaburi, kuna ndugu wa kudai haki yake. Ukifuta watu kwa kuibadili jana, hakuna hata wa kumwomba radhi. Kwangu hilo ni kosa, hata likikosa shahidi.

Tena waliomleta sangara walikuwa na nia njema: furu ni wadogo, wana miba, basi wageuzwe chakula cha samaki mkubwa mwenye soko. Hawakumuuliza bibi. Nasi tukirudi kuwazuia, tutakuwa tumemuuliza nani? Mama wa mapanki?

Mwaka mmoja kabla hajafariki nilimuuliza bibi kama angetaka sangara asije kabisa. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Furu walikuwa watamu, mjukuu wangu. Usiniambie nichague."