Ndizi ya Baada ya Chakula

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwafrika Ulaya anabaguliwa na sheria au na watu?" Mimi mzaliwa wa Malindi, miaka 14 sasa niko kaskazini mwa Italia nikitunza wazee, na nilishika kalamu jibu likiwa tayari: sheria. Watu nimeishi nao vizuri.

Lakini kuna Jumamosi moja ya Julai 2013. Wakati huo Cécile Kyenge alikuwa waziri, Mweusi wa kwanza katika serikali ya Italia. Daktari wa macho, mzaliwa wa Katanga, kule Kongo wanakosema Kiswahili. Nilimhesabu ndugu yangu. Roberto Calderoli, makamu wa rais wa Seneti, alikuwa ameshamfananisha na orangutani mbele ya umati. (Mwaka 2022 akapewa uwaziri tena.) Jumamosi hiyo taarifa ya habari ya mchana ikasema Kyenge amerushiwa ndizi akihutubia mjini Cervia.

Nami nilikuwa nimesimama na sahani ya ndizi mkononi. Bibi niliyemtunza hakuwa na meno. Kila mchana nilimpondea moja kwa uma, nikatia kijiko cha asali. Mwanawe, aliyekuja kula na mkewe, akacheka. Mkewe akainamia kitambaa cha meza. Bibi akaitazama sahani, akanitazama mimi, akafungua kinywa. Nikamlisha kijiko kwa kijiko mpaka ikaisha. Nilingoja neno moja tu, lolote. Halikutoka. Baadaye yule mkaza mwana akanifuata jikoni, akachukua kitambaa, akafuta vyombo pamoja nami, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada ya siku ile. Naye kimya.

Kyenge mwenyewe alisema ni huzuni kuharibu chakula watu wakifa njaa. Mimi nisingekuwa na moyo huo.

Sasa hiyo sheria niliyotaka kuilaumu, ya uraia, ni ya 1992: mgeni wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya angoje miaka 10, na mtoto wa wageni aliyezaliwa hapa hapa angoje afikishe 18. Juni 2025 kura ya maoni ilitaka ile 10 iwe 5. Ilihitaji zaidi ya nusu ya wapigakura wajitokeze. Hawakufika hata theluthi. Ikaanguka. Wengi hawakusema hapana, walikaa nyumbani tu.

Basi nafuta jibu langu la mwanzo: ni watu, na sisemi warusha ndizi peke yao. Ila yule mkaza mwana, nikikumbuka alivyokuwa akifuta zile sahani, naamini angeandika ndiyo. Kama alitoka nyumbani.